Mashine ya Kufyeka Malisho Makubwa kwa Haraka: Ipi Ununue Kwanza

Anayefyeka hekta 40 kwa slasha ya trekta (mashine ya visu vinavyozunguka chini ya bamba) ya mita 1.5, akienda kilomita 6 kwa saa, atakaa kwenye trekta saa 56 hivi. Akivuta slasha ya mabawa ya mita 4.5 kwa kilomita 8, atamaliza kwa saa 14. Hesabu ni hii: zidisha upana kwa mita na mwendo kwa kilomita kwa saa, zidisha tena kwa 0.8, kisha gawanya kwa 10. Utapata hekta kwa saa. Hiyo 0.8 inafidia kugeuza, kupandanisha mistari na kusimama kutoa waya uliojisokota kwenye shafti.

Wengi huishia kwenye upana, wakasahau mwendo. Mita 4.5 nyuma ya trekta isiyo na pumzi, ikitambaa kwa kilomita 4, hutoa hekta 1.44 kwa saa. Mita 3 kwenye trekta hiyo hiyo, ikienda kilomita 7, hutoa 1.68. Umenunua mashine kubwa zaidi na umechelewa zaidi.

Kwa hiyo kabla ya kuuliza bei, pima trekta yako. Chomeka vijiti viwili umbali wa mita 100, fyeka katikati yake na slasha uliyonayo au ya kuazima, injini ikiwa kwenye mizunguko inayoipa PTO, yaani shafti ya nyuma ya trekta inayozungusha mashine, mizunguko 540 kwa dakika. Sekunde 45 ni kilomita 8 kwa saa, sekunde 60 ni kilomita 6. Ukiona mizunguko inashuka, shuka gia, usipunguze mafuta: visu vikizunguka polepole vinapasua majani badala ya kukata. Na ukisoma nguvu za farasi kwenye boneti, hizo ni za injini. Kwenye PTO kwa kawaida hupungua asilimia 10 hadi 15, na zinazofika PTO ndizo zinazofyeka.

1. Slasha ya mabawa, mita 4 hadi 4.6

Kwa malisho ya hekta 20 na zaidi, yasiyo na mashimo makubwa, hii ndiyo ya kwanza. Ni slasha tatu kwenye fremu moja: ya katikati iko kwenye magurudumu, na bawa kila upande limefungwa kwa bawaba, linapanda na kushuka kufuata ardhi. Ndiyo maana inakata sawasawa kwenye mgongo na kwenye bonde, mahali ambapo slasha moja ngumu ya upana huo ingechimba upande mmoja na kuacha nyasi upande wa pili.

Inataka kama farasi 65 kwenye PTO kwa nyasi nyepesi, na 80 au zaidi kwa nyasi nzito zilizochanganyika na vichaka. Uzito wake ni kama tani moja na nusu hadi mbili, hivyo trekta nyepesi itasukumwa nayo kwenye mteremko hata kama injini ina nguvu. Pima pia geti. Mabawa yakikunjwa, nyingi bado zina upana wa karibu mita 2.5.

Unaponunua, anza na gia boksi. Kuna ya kugawa nguvu katikati na moja juu ya kila seti ya visu, jumla nne, na kila moja ya hizo za visu ina oil sili ya chini (mpira unaozuia mafuta kuvuja) inayoliwa na waya au kamba. Piga magoti uangalie chini ya kila moja: kama kuna mafuta yaliyoganda na vumbi kuzunguka shafti, sili imekwisha. Gia boksi iliyofanya kazi bila mafuta hulia kama inasaga mchanga ukizungusha visu kwa mkono, PTO ikiwa imefunguliwa na injini imezimwa. Halafu shika ncha ya kila bawa uitikise juu na chini. Kuchezacheza kwa pini za bawaba kunatengenezeka. Nyufa kwenye bamba karibu na bolti za gia boksi ni hadithi nyingine, maana bamba likishapasuka hapo hurudia kupasuka hata likichomelewa vizuri.

Kwenye mashine nyingi bawa moja huzunguka kinyume na mengine, kwa hiyo visu vyake havibadilishani. Agiza visu ukitaja upande.

Kosa kubwa la watumiaji ni kukata kona kali PTO ikiwa inazunguka. Jointi ya CV (kiungo cha shafti kinachojikunja) iliyo mbele huvumilia pembe kubwa, lakini ina mwisho wake, na ikigongana hukatika siku hiyo hiyo. Fyeka kwa mizunguko mipana kutoka nje kuingia ndani. Kona zilizobaki zimalizie mwishoni.

2. Slasha moja pana, mita 2.1 hadi 3

Ikiwa trekta yako ina farasi 45 hadi 60, chukua hii na usione haya. Mita 3 kwa kilomita 7 zinamaliza hekta 40 kwa saa 24 hivi. Ya mita 2.1 inaning'inia vizuri kwenye mikono ya nyuma ya trekta. Ya mita 3 ni afadhali iwe ya kuvutwa na magurudumu yake, maana ukiinyanyua, magurudumu ya mbele ya trekta nyepesi yanaachana na ardhi na usukani unabaki pambo.

Weka mbele ya slasha iwe chini kuliko nyuma kwa sentimita 1 hadi 2.5. Nyasi inakatwa mara moja na kutoka, na trekta inapumua. Nyuma ikiwa chini, visu vinakata tena vilichokwisha kukata: majani yanasagika zaidi, ila mwendo unakufa.

Trekta nyingi za zamani zina PTO inayosimama kwa klachi ya kuendeshea. Hapo, ukikanyaga klachi, visu vizito vinavyoendelea kuzunguka vinaisukuma trekta mbele, hadi kwenye uzio. Kuna kipande cha kufunga kwenye shafti ya PTO kinachoruhusu visu vizunguke bila kuirudishia trekta nguvu. Hicho kinunuliwe pamoja na slasha.

Kinga ya shafti: bolti au klachi ya kuteleza

Slasha za aina zote mbili huja na kinga mojawapo, inayoachia nguvu visu vikigonga kitu kigumu: bolti inayokatika, au klachi ambayo diski zake huteleza. Bolti ya kukatika ni rahisi, lakini ukifunga bolti ngumu kuliko iliyoandikwa kwenye kitabu, kisiki kinachofuata kitavunja gia boksi. Kwenye malisho yenye visiki na vichuguu, klachi ya kuteleza ni bora. Tatizo lake ni kutu: ikikaa nje msimu mzima, diski zake zinashikana na haitelezi tena, nawe hujui mpaka kitu kikubwa kivunjike.

Kila mwanzo wa msimu, chora mstari wa chaki ukikatiza diski zote. Legeza kila nati mizunguko miwili. Shusha slasha karibu na ardhi, hakikisha hakuna mtu karibu, washa PTO kwa mizunguko midogo sekunde mbili au tatu, zima injini, subiri kila kitu kisimame. Mstari umeachana? Klachi iko hai. Kaza nati mpaka springi zirudi kwenye urefu ulioandikwa kwenye kitabu. Mstari bado umenyooka? Ifungue, sugua kutu, rudia.

3. Mowa ya diski

Kwa mwendo peke yake ingekuwa ya kwanza. Ya mita 2.8 ikienda kilomita 14 hukata hekta 3.1 kwa saa, zaidi ya slasha ya mabawa. Visu vyake vidogo viko kwenye diski zinazozunguka karibu mara 3,000 kwa dakika, na kwa kuwa inakaa ubavuni, magurudumu hayalazi nyasi kabla ya kukatwa.

Lakini haisagi. Inalaza majani mazima, na yakiwa mengi hufunika nyasi zinazotaka kuchipua. Ukifunga marobota, ipandishe iwe namba moja. Ukitaka tu kusafisha malisho, iache. Kichuguu kimoja kigumu au shina la kichaka huweza kupindisha diski, na kufungua baa yake ya gia si kazi ya alasiri moja. Badilisha visu vya diski moja vyote viwili kwa pamoja, la sivyo inatetemeka mpaka beringi ziishe.

4. Fleili

Nyundo zake nyingi zinasaga laini na hutawanya sawasawa, na hairushi mawe ovyo kama slasha. Kwa kando ya barabara na karibu na nyumba, hakuna inayoizidi. Kwa eneo kubwa ni ya polepole: mita 2.4 kwa kilomita 5 ni hekta 0.96 kwa saa, na inataka farasi 60 hivi.

5. Mowa ya meno

Ile baa ya visu vinavyokwenda na kurudi. Trekta ya farasi 25 inaitosha, lakini kwenye nyasi zilizolala au zenye unyevu inaziba kila mara.

Mashine za kukatia bustani, hata zile za kugeukia papo hapo, zisiingie kwenye orodha hii. Sitaha zake zimetengenezwa kwa nyasi za kifundoni.

Kuhusu visu vya slasha: usivinoe kama wembe. Acha ukingo butu wa milimita 1.5, maana ukingo mwembamba unajikunja kwenye jiwe la kwanza. Kata malisho kwa kimo cha sentimita 10 hadi 15, nyasi zibaki na majani ya kuchipulia. Chagua slasha yenye minyororo mbele na nyuma hata kama muuzaji anasema ni ya hiari: miongozo mingi ya watengenezaji hutaka watu wakae mbali kama mita 90, kwa sababu jiwe likitoka chini ya kisu kinachokwenda mita 75 kwa sekunde halichagui pa kwenda.