Faini ya mia tano kwa kuongea kiswahili: uzoefu wangu na kozi ya kiingereza ya jioni hapa Dodoma

Jina lao sitaji maana mji wenyewe huu tunafahamiana, nikitoka tu kwenda Nyerere Square nakutana na nusu ya darasa. Bei na ratiba waulizeni wenyewe. Mimi nina jambo moja tu limenikaa rohoni na ni la shilingi mia tano, na kabla hamjasema "dada mia tano tu unalia hivyo" nisomeni mpaka mwisho.

Mimi niko mapokezi kwenye lodge moja. Kipindi cha Bunge la bajeti hapa vyumba ni vita, na siku hizi na hii treni ya umeme wanashuka mpaka wageni wasiojua hata neno karibu, na kiingereza changu ni kile cha form four cha kukariri, nikisema "yes" nimemaliza, nikisema "no problem" ndo nimetoa hotuba. Bosi akawa ananiangalia lile jicho. Nikajiandikisha.

Nilitegemea salamu na mambo ya tensi. Kumbe pale wanafundishia hadithi fupi za zamani, zile za wazungu waliokufa kitambo, wanakupa fotokopi ya fotokopi herufi zimefifia kama risiti ya EFD iliyokaa kwenye pochi miezi sita, mnasoma, halafu humo humo ndo mnachomoa sarufi na tamathali za semi. Mwanzo nilidharau nikasema nimeibiwa. Ila niseme ukweli ni njia nzuri, tena sana, na hicho ndo kinaniuma, ingekuwa kozi mbovu ningeondoka zangu na nisingeandika yote haya.

Dalili nilizipata mapema. Hadithi ya kwanza ilikuwa ya yule mmarekani O. Henry, mke anauza nywele zake amnunulie mume mnyororo wa saa kwa ajili ya krismasi, kumbe mume naye kauza saa amnunulie mke vitana vya nywele. Inaanza mke anahesabu hela, ana dola 1 na senti 87, na senti 60 kati ya hizo ni sarafu za senti moja moja. Kuna kaka wa bodaboda anakaa nyuma, akatoa simu akapiga hesabu, akasema ticha hii haikai, ukitoa hizo 60 inabaki dola 1 na senti 27, sasa hiyo 27 utaipataje bila kuongeza tena sarafu mbili za senti moja? Darasa zima tukanyamaza. Mimi nilimuona yule kaka ana akili ya ajabu, mtu wa chenji unamjua tu. Ticha akamjibu hii ni fasihi sio hesabu, kaa chini. Basi. Ni yule dada msaidizi (nitamsema mbele) ndo baadaye alitueleza kwamba Marekani ya zamani waliwahi kuwa na sarafu za senti mbili na za senti tatu, kwa hiyo inawezekana, na kwamba hilo swali watu wengi wameliuliza. Ona sasa. Swali la maana kabisa linaambiwa kaa chini.

Baada ya wiki moja au mbili ikaja ya mkufu, ya Guy de Maupassant, mfaransa, ya mwaka 1884. Kaiandika kwa kifaransa, sikilizeni hapo, yani ile ya kiingereza tunayosoma sisi ni tafsiri, lishikeni hili litatusaidia huko chini.

Jamani ile hadithi. Mtu anayeishi Dodoma akiisoma anaona majirani zake. Mwanamke anaitwa Mathilde, mume wake karani wa wizara, mshahara wa karani, mke roho yake iko kwenye makochi ya wakubwa. Wanapata mwaliko wa sherehe ya wizara, mke analia hana cha kuvaa, mume maskini ya Mungu alikuwa kajiwekea faranga 400 anunue bunduki akawinde ndege na wenzake, anazitoa zote kwa gauni. Gauni likipatikana mke analia tena hana kito cha kuvaa shingoni. Anaenda kwa rafiki yake tajiri, Madame Forestier, anaazima mkufu wa almasi, anacheza mpaka alfajiri, wakifika nyumbani shingo tupu. Wanatafuta wanakosa. Wananunua mwingine unaofanana nao kwa faranga 36,000, mume alikuwa na 18,000 za urithi wa baba yake na zilizobaki wanakopa kila mlango kwa riba. Kausha damu mtupu! Miaka kumi wanalipa, dada wa kazi wanamwachisha, wanahamia kachumba cha juu chini ya paa, yule bibie aliyekuwa anaota dhahabu sasa anasugua masufuria na kugombania senti sokoni na kikapu mkononi. Deni likiisha anakutana na Forestier anamweleza yote, na mwenzie anamwambia rafiki yangu masikini, ule wangu ulikuwa bandia, haukuzidi faranga 500.

Niliimaliza usiku nikiwa zamu. Nikakaa naangalia ubao wa funguo mpaka mgeni wa chumba cha juu akagonga kaunta mara mbili.

Na kwa sababu kazi yangu ni kupokea na kurudisha vitu vya watu kuna kitu nilikiona. Kile kikasha cha mkufu kina jina la sonara ndani, Mathilde na mumewe wanaenda kwake kuuliza, anawaambia mkufu huu sikuuza mimi, mimi kikasha tu ndo kilitoka kwangu. Eeeh! Almasi ya kweli inakaa kwenye kikasha cha duka lingine? Halafu Forestier alipoombwa alitoa bila hata kuuliza mara mbili, na uliporudishwa hakufungua aangalie. Mimi mgeni akirudisha taulo tu nalikunjua. Mtu asiyekagua chake ujue chake hakina thamani. Nikasema kesho lazima nilitoe hili darasani, nikafanya na mazoezi mbele ya kioo.

Siku ya darasa nikanyoosha mkono. Nikaanza kwa kiingereza, nikasema "Madame Forestier borrowed her the necklace". Ticha akacheka. Sio kutabasamu, alicheka akashika meza, akauliza nani kamborrow nani, na wale watoto waliomaliza form four juzi wa mstari wa mbele nao wakacheka, nadhani hata hawakujua wanacheka nini. Nikachanganyikiwa, kiingereza chote kikanitoka kama maji kwenye ndoo iliyotoboka, na mimi hoja yangu naitaka itoke, nikaimalizia kwa kiswahili. Haraka haraka, kikasha, sonara, kutofungua, yote.

Akaniacha nimalize. Halafu akasema "Wewe dada wa gesti, hapa sio mapokezi. Mia tano mezani."

Dada wa gesti. Mnajua neno gesti mjini lilivyo. Nilimwambia wiki ya kwanza nafanya kazi lodge, alivyotuuliza kila mtu kazi yake, ndo akalihifadhi aje alitumie hivyo. Kuna mama mtu mzima, nesi mstaafu, akaguna akasema mwalimu jamani, na yeye akaambiwa akiendelea atalipa. Nikatoa mia tano nikaweka. Mikono inatetemeka.

Na hapo sijafika. Haikupita robo saa, ticha kageuka ubaoni kaandika neno moja refu kama mabehewa, maana yake mwandishi kudokeza mapema jambo litakalokuja, akauliza nani ana mfano, kimya, akasema tazameni, sonara alisema hakuuza ule mkufu. Tazameni, Forestier hakufungua kikasha. Hoja yangu! Kitu kile kile, kaitoa kwa kiingereza chake cha puani na wale wa mstari wa mbele wanaandika kama kashushiwa kutoka mbinguni. Hakuniangalia hata mara moja.

Nilipotoka nikapita kwa yule kijana wa ofisini anayekusanya hela, nikamuuliza hii faini ipo kwenye karatasi gani niliyosaini, akasema mama sheria ni sheria. Kwa kiswahili. Tangazo lao la kuandikisha watu kwa kiswahili. Ticha kunitukana alinitukana kwa kiswahili safi kabisa, nani kamtoza? Na hadithi yenyewe ya kifaransa!! Nilishuka zile ngazi nje upepo wa Dodoma unapiga vumbi la macho, nikasema siji tena na Mungu shahidi.

Nikaenda. Siku za dada msaidizi, binti wa chuo tu, mdogo kuliko mdogo wangu wa mwisho, anaingia ticha asipokuwepo. Alikuwa kasikia. Akaniita pembeni akasema dada yangu lile kosa sio ujinga, ni kiswahili chetu, sisi tuna azima moja tu, nimeazima kalamu kwake na yeye kaniazima kalamu, neno lile lile. Waingereza wametenganisha. Akasema tumia kopa na kopesha utakumbuka, anayekopa ni "borrow", anayekopesha ni "lend", Mathilde kakopa, Forestier kakopesha. Dakika mbili. Kwa kiswahili! Halafu lile neno la kiingereza "irony", aironi, ambalo yule mama nesi mpaka leo anatania kwamba alidhani ni somo la pasi, maana pasi ni "iron", akatueleza kwamba shuleni tulikariri kejeli ni mtu kusema kinyume cha anachomaanisha, lakini kwenye mkufu hakuna aliyesema kinyume, mambo yenyewe ndo yamewageuka, wanaita kinaya. Nikamwambia kutozwa faini ya kiswahili kwa kiswahili nayo itakuwa ni hiyo hiyo. Alicheka mpaka akafunga mlango.

Kwa hiyo nilikuwa naandika hapa msiende, nawapa nyota moja na hiyo moja ni ya ngazi. Ila juzi kati mgeni mmoja mzungu kaja kaunta anataka kuazima pasi, nikamjibu nitamkopesha ya kwangu, kwa "lend" yake pale pale, ikatoka yenyewe kama nimezaliwa nayo, bosi yuko nyuma yangu kasikia. Sasa hiyo niwanyime? Hapana, ya dada msaidizi hiyo, sio yao. Lakini na yeye ni wa kwao. Na zile hadithi kachagua ticha mwenyewe, nasikia, na akizisoma kwa sauti, kwakweli, akisoma mwenyewe bila kuuliza mtu swali, unaisikia Paris yote. Anajua. Hilo ndo linazidi kuniudhi.

Nyota mbili. Haya tatu, siku za dada wa chuo, na mkae karibu na yule kaka wa bodaboda. Mwezi huu nimelipia tena. Siku za ticha naingia nakaa nyuma nanyamaza, na ile mia tano nimemwandikia yule kijana wa ofisini kikaratasi cha kuidai, kwa kiingereza, na "lend" nimeiweka sehemu yake.