Kuoshewa gari kwa mkono mitaa ya Forest, Mbeya: mapitio ya huduma inayoijali rangi

Ukitaka kujua gari linaoshwaje, litazame juani. Kwenye boneti jeusi au la bluu iliyokoza, pale mwanga wa jua unapopiga, utaona michirizi myembamba iliyojipanga kuuzunguka mwanga huo, na wenye magari wengi huamini kwamba huo ni uzee wa rangi. Si uzee. Ni mikwaruzo iliyochorwa kidogo kidogo na mchanga uliosuguliwa juu ya bodi kwa sponji, kwa tambara, au kwa mkono wa kijana aliyeambiwa afanye haraka. Kwa sababu hiyo nimeona ni vyema niandike kuhusu sehemu moja ya kuoshea magari iliyopo mitaa ya Forest hapa Mbeya, ambako kazi yote, tangu gari linapoingia mpaka linapotoka, imepangwa ili mchanga uondoke kabla mkono haujagusa rangi.

Sehemu yenyewe haina kibao. Ni ua wenye sakafu ya zege, umeezekwa bati upande mmoja, una tanki la maji juu ya mnara mfupi wa chuma, na unahudumiwa na vijana wachache wanaofanya kazi chini ya kaka mmoja mtu mzima asiyependa kuharakishwa. Gari dogo wanaliosha kwa Sh10,000, na magari makubwa ya aina ya Prado au Noah kwa Sh15,000, bei ambayo ni karibu maradufu ya ile inayotozwa kando ya barabara. Nimewasikia wateja wakilalamikia tofauti hiyo, nami naona hawajajiuliza wanalipia nini.

Uchafu wa huku kwetu si wa kuchezea. Kuanzia Juni hadi Oktoba mvua zinapokuwa zimekatika, vumbi hutanda juu ya kila kitu, na tangu ilipoanza kazi ya kuipanua barabara kuu kuwa njia nne kati ya Nsalaga na Ifisi, anayepita Uyole, Mwanjelwa au Iyunga hufika nyumbani na gari lililobadilika rangi. Vumbi hilo lina chembe za mchanga ambazo ni ngumu kuliko kioo, sembuse rangi. Aidha, udongo wa ukanda huu umetokana kwa sehemu kubwa na volkano za kale za Rungwe na Ngozi, na ndani yake mna vipande vya lile jiwe jepesi lenye matundu ambalo akina mama hulitumia kusugulia visigino. Anayelisugua gari lenye vumbi la namna hiyo, hata kwa kitambaa laini kiasi gani, anaisugua rangi kwa jiwe la miguu. Masika yakiingia, anayetoka Tukuyu huja na matope yaliyoganda mpaka kwenye vitasa vya milango, na anayetoka Chimala au Igurusi usiku huja na bampa lililojaa wadudu wa mashamba ya mpunga wa Usangu, ambao wakishakauka hushikamana na rangi kama waliogundishwa.

Kinachopaswa kulindwa ni chembamba sana. Juu ya praima, yaani rangi ya msingi inayotangulia, na juu ya rangi yenyewe, gari huwa na tabaka la mwisho lisilo na rangi, ambalo mafundi huliita klia, na unene wake kwa magari mengi ni takriban maikroni 35 hadi 50, wakati unywele wa kichwani hufikia maikroni 70 au zaidi. Fundi anapolipiga gari polishi ili michirizi ipotee, anachofanya ni kuisaga klia hiyo mpaka ilingane na kina cha mkwaruzo, kwa hiyo polishi haiwezi kurudiwa kila mwaka pasipo hasara. Jambo hili lina uzito zaidi kwa mji ulio katika mwinuko wa karibu mita 1,700, kwa kuwa miale ya jua inayochubua rangi huongezeka nguvu kadiri unavyopanda juu, na klia ndiyo inayoikinga rangi isifikiwe na miale hiyo. Yale magari yenye paa lililobabuka na kuota mabaka meupe, ambayo tunapishana nayo kila siku, ni magari yaliyokwishapoteza klia.

Sasa nieleze wanavyofanya. Gari likishaingia kivulini, hakuna anayeligusa. Kwanza boneti huachwa lipoe, kwa sababu maji yanayokaukia kwenye bati la moto huacha madoa ya chumvi, na sabuni inayokaukia hapo huacha madoa mabaya zaidi. Kisha kijana huanza na mashine ya presha akiwa amesimama umbali wa hatua moja hivi, akipiga maji kuanzia paa kushuka chini, halafu anainama na kuosha ndani ya matao ya matairi mpaka matope yaache kudondoka. Hapo ndipo kwingine wangechukua sponji. Hapa wanafunga chupa ya povu kwenye mashine na kulifunika gari lote kwa povu zito jeupe, kisha wanasimama kando kwa dakika tatu au nne wakilitazama likiteremka. Ukisogea karibu utaona kazi inayofanyika bila mkono wa mtu: povu linaloshuka mlangoni linaanza jeupe karibu na kioo, linageuka rangi ya chai linapopita kwenye kitasa, na linapofikia ukingo wa chini linadondoka zegeni likiwa na weusi wa punje za mchanga. Siku moja dereva wa Noah, mtu mzima mwenye safari, alimwambia kijana wa zamu, "Dogo, piga sponji tuondoke." Kijana alimjibu kwa adabu, "Samahani baba, tukisugua sasa hivi tutakuchora gari. Povu likishuka tu, tunaanza." Mzee alikubali kusubiri, na mimi niliyekuwa kwenye benchi niliipenda huduma hii zaidi kuanzia hapo.

Povu likishasuuzwa ndipo ndoo zinapoletwa, na hapa ndipo wanapowaacha wenzao mbali. Kila gari lina ndoo mbili kubwa za lita 20, moja ya maji ya sabuni na nyingine ya maji matupu ya kusuuzia, na chini ya kila ndoo kuna wavu wa plastiki uliokatwa ukaenea mviringo wa ndoo na kuinuliwa kidogo kutoka chini. Kijana huvaa glavu ya mikrofaiba, kitambaa cha nyuzi nyembamba laini, yenye nyuzi ndefu, huichovya kwenye sabuni, huosha kipande kimoja tu cha gari, kisha kabla ya kuirudisha kwenye sabuni huisuuza kwenye ndoo ya pili akiisugua juu ya wavu, ili mchanga uzame chini usirudi juu. Ndivyo inavyokuwa kwa kila kipande. Mwenye shaka na faida ya utaratibu huu aombe aonyeshwe ndoo ya pili mwishoni. Maji yakimwagwa polepole, hubaki chini ya wavu ukoko wa mchanga mweusi, mwembamba, unaokwaruza ukiupapasa kwa kidole, na huo ndio ambao kwenye utaratibu wa ndoo moja ungekuwa umerudi kwenye sponji na kutembezwa gari zima. Glavu nayo ina sababu yake. Sponji bapa huubana mchanga kati ya uso wake na bodi, lakini nyuzi ndefu za glavu huruhusu punje ipande ndani, mbali na rangi, ikasubiri kusuuzwa.

Mkono unavyopita pia nimeutazama kwa makini. Wanaanza paa, wanafuata vioo, boneti, buti na nusu ya juu ya milango, kisha sehemu za chini na bampa la nyuma huachwa mwisho kwa sababu ndiko uchafu mwingi unakokaa. Hawazungushi mkono. Wanauvuta kwa mstari mnyoofu kuelekea upepo unakopita gari likitembea, na hawakandamizi, wanaiacha glavu itelezeshwe na sabuni kwa uzito wake wenyewe. Wadudu waliogandia hawakwanguliwi kwa kucha wala kwa steelwire, bali huwekewa kitambaa kilicholowa mpaka walainike, na kinyesi cha ndege hutendewa vivyo hivyo. Lami iliyoruka kutoka kwenye matengenezo ya barabara wanaiondoa kwa mafuta ya taa kidogo kwenye pamba, kisha wanapaosha mahali pale mara moja kwa shampuu. Mimi ningependa watumie dawa maalumu ya lami, lakini maadamu hawayaachi mafuta hayo yakae, sina ugomvi nao.

Sabuni yao ni shampuu ya magari. Nalisema hili kwa sababu sabuni ya unga ya kufulia bado ndiyo inayotawala katika sehemu nyingi za kuoshea magari, na ni adui wa rangi kwa njia mbili: ina ukali unaoondoa waksi yote iliyopakwa ili kuikinga klia, na chembe zake ambazo hazijayeyuka vizuri, hasa kwenye maji yetu ya baridi ya Juni na Julai, hukwaruza zenyewe. Sabuni ya maji ya kuoshea vyombo ina afadhali kwa kuwa haina chembe, ila nayo huondoa waksi, kwa kuwa imetengenezwa kukata mafuta.

Kukausha ndiko kunakohitaji marekebisho. Utaratibu wenyewe ni mzuri: mpira wa maji huondolewa kichwa, maji yakaachwa yatiririke taratibu kutoka paani ili yajikusanye na kushuka pamoja yakibeba matone mengi, halafu taulo kubwa la mikrofaiba hutandazwa juu ya boneti, likapigwapigwa kwa viganja na kuinuliwa bila kusuguliwa. Lakini mchana wa shughuli nyingi niliona taulo likianguka zegeni, kijana akalikung'uta na kuendelea nalo kwenye mlango. Taulo lililoanguka chini limekwisha kazi yake kwa siku hiyo, kwa sababu punje moja iliyonaswa kwenye nyuzi inatosha kuchora mstari mrefu kuliko yote ambayo ndoo mbili zilikuwa zimeizuia. Nilimweleza kaka msimamizi, akaamuru libadilishwe papo hapo, na kwa uungwana akanishukuru kwa Kinyakyusa, "Ndaga." Hata hivyo jambo hilo halipaswi kumtegemea mteja. Taulo za akiba zinafaa ziongezwe, na zile za bodi zitofautishwe kwa rangi na zile za milango kwa ndani na vizingiti, jambo ambalo sasa linategemea kumbukumbu ya kijana aliyepo zamu.

Rimu zina ndoo yake ya tatu na brashi yake, na glavu ya bodi haizigusi kamwe, kwa kuwa vumbi la breki lina chembe za chuma. Ndani ya gari wanasafisha kwa kiwango cha kawaida, si zaidi ya wengine. Kuosha injini sikupendekezi hapo wala kwingine kwa mashine ya presha, kutokana na mifumo ya umeme ya magari ya siku hizi.

Kazi nzima huchukua kama saa moja kwa gari dogo, hivyo asiye na muda asiende Jumamosi, siku ambayo foleni hufika mpaka nje ya geti na vijana, kwa kuelemewa, huanza kufupisha ule muda wa kusubiri povu. Asubuhi za katikati ya wiki ndizo bora, jua likiwa bado halijapanda na upepo wa mchana haujaanza kurudisha vumbi kwenye bodi iliyolowa.

Kwa anayetaka kufanya mwenyewe nyumbani, hakuna kitu cha ajabu hapo kisichowezekana uani. Ndoo mbili, glavu ya mikrofaiba, shampuu, taulo moja kubwa na mpira wa maji vinatosha, na asiye na mashine ya presha anaweza kulilowesha gari kwa maji mengi ya mpira, akalinyunyizia maji ya shampuu kwa chupa ya kupulizia, akasubiri, kisha akasuuza kabla ya kugusa. Glavu na taulo zifuliwe peke yake, bila dawa ya kulainisha nguo, zianikwe mahali pasipo na vumbi.

Nawaomba pia wenye magari wawazuie walinzi na vijana wa maegesho kufuta vumbi kavu kwa tambara, hata kama wanafanya hivyo kwa nia njema na kwa kutarajia chochote. Mfutaji huyo wa asubuhi huchora zaidi ya uoshaji wowote mbaya, kwa kuwa hapo hakuna hata tone la maji la kuibeba punje. Mimi humpa mlinzi wa ofisini kwetu chai yake, tukakubaliana kwamba gari langu libaki na vumbi mpaka siku ya kuoshwa.

Mwenye gari lililotoka kupigwa rangi upya asilipeleke hapo kupakwa waksi, ambayo wanaitoza Sh20,000 ya ziada, kabla mwezi mmoja haujapita, kwa sababu rangi mpya inahitaji kupumua ikauke mpaka ndani. Kuoshwa kwa maji na shampuu, baada ya fundi wake kumruhusu, hakuna tatizo, na akiwaeleza mapema kwamba rangi ni mpya, watalifanyia kazi hiyo bila mashine ya presha.