Teria au Mbwa wa Ng'ombe: Yupi wa Kuishi Naye Nyumbani?

Wanunuzi wengi huanza na sura: masikio yamesimama, jicho moja limezungukwa na doa jeusi, basi, moyo umeshatekwa. Anza na kazi. Teria wengi walizalishwa waingie shimoni kumkabili mbweha peke yao bila kungoja amri. Mbwa wa ng'ombe alizalishwa aswage mifugo kutwa nzima, akiing'ata visigino. Kazi hizo zimekwisha katika nyumba nyingi, ila mbwa hajaambiwa. Nimewapanga watano, kuanzia msumbufu mdogo hadi mkubwa, kwa swali moja: akikosa kazi, atawasumbua kiasi gani?

1. Border Terrier
Ana kilo 5 hadi 7 tu. Huko mpakani mwa England na Scotland alikimbia pamoja na farasi na kundi la mbwa wengine, ndiyo maana si mgomvi kama ndugu zake. Atachimba bustani, hilo likubali mapema. Sungura wa watoto naye akae mbali.

2. Pembroke Welsh Corgi
Watu husahau kwamba huyu ni mbwa wa ng'ombe. Ufupi wake ulimsaidia kukwepa mateke. Malkia Elizabeth wa Pili alifuga zaidi ya 30 maishani mwake. Hupukutisha manyoya mwaka mzima, hunenepa upesi, na mgongo wake mrefu hautaki kurukaruka kutoka kwenye makochi.

3. Staffordshire Bull Terrier
Kwa watu ni mpole ajabu. Kwa mbwa wenzake, si lazima. Sheria za baadhi ya nchi huwabana mbwa wa umbo lake, kwa hiyo uliza kabla ya kulipa. Kama umepanga, muulize na mwenye nyumba.

4. Jack Russell
Amepewa jina la kasisi John Russell wa Devon, Uingereza, aliyemnunua teria jike wake maarufu, Trump, mwaka 1819. Ni mdogo, na udogo huo ndio unaowaponza wanunuzi wa nyumba za ghorofa. Hubweka, huruka, huchoka baada yako.

5. Australian Cattle Dog
Nimemweka mwisho, na ndiye ninayemhusudu kuliko wote. Ana damu ya dingo, yaani mbwa mwitu wa Australia, akili kali, na humganda mtu mmoja kama kivuli. Mmoja wao, Bluey, wa jimbo la Victoria nchini Australia, alikufa mwaka 1939 akiwa na miaka 29, baada ya kuchunga kwa karibu miaka 20. Sasa mfungie mbwa wa namna hiyo sebuleni! Watoto wakianza kukimbia, yeye huona ndama waliotawanyika, na visigino vyao vitakiona. Anawafaa wanaokimbia au kupanda milima kila siku, si wale wanaosema wataanza mwezi ujao. Huzaliwa mweupe, rangi huja baadaye, na uziwi wa kurithi upo katika ukoo wake. Dai cheti cha kipimo cha masikio, yote mawili, maana kiziwi wa sikio moja humtambui kwa kumpigia makofi.

Yeyote utakayemchagua, usimchukue kabla hajatimiza wiki 8, na umwone akiwa na mama yake. Mama akiwa mwoga au mkali, tazama kwingine. Muuzaji akitaka mkutane njiani akukabidhi kitoto kwenye boksi, mwachie boksi lake.