Uzoefu wangu na simu ya mezani ya intaneti Kampala: sauti ikikatika, usikimbilie kuongeza Mbps

Hapa nyumbani Ntinda nina faiba ya Mbps 20 kupakua na Mbps 5 kupakia, ruta ya mtoa huduma, adapta ndogo ya simu (kisanduku kinachounganisha simu ya kawaida na intaneti), na simu ya kawaida ya waya juu ya meza. Hukumu yangu kwa ufupi: ikikaa sawa, sauti yake inaishinda simu ya mkononi. Ila haikai sawa yenyewe, na wahudumu wa wateja hawatakufikisha huko. Ukipiga, jibu ni lile lile: «Pole sana ssebo, zima ruta uwashe tena.» Hilo likishindikana, wanakushauri uhamie kifurushi kikubwa zaidi.

Kifurushi kikubwa hakisaidii, na hesabu yake ni rahisi. Kodeki (njia ya kugeuza sauti kuwa data) ya G.711, ambayo ndiyo ya kawaida kwenye huduma hizi, hutuma pakiti (vipande vidogo vya data) 50 kwa sekunde, kila moja ikiwa na milisekunde 20 za sauti. Sauti yenyewe ni baiti 160, na vichwa vya pakiti huongeza 40. Jumla kbps 80 kwenda na kbps 80 kurudi. Kodeki nyingine, G.729, inabana mpaka kbps 24 kila upande, vichwa vikiwemo. Yaani hata laini ya Mbps 1 inabeba mazungumzo kadhaa kwa pamoja. Kwa anayelipia MB, saa moja ya G.711 inakula MB 72 pande zote mbili zikijumlishwa, na G.729 kama MB 22. Kwenye bando lenye ushuru wa asilimia 12 tangu Julai 2021, tofauti hiyo inaonekana mfukoni. Kwenye faiba isiyo na kikomo, bakia na G.711, kwa sababu G.729 ikipoteza pakiti chache tu sauti inakuwa ya roboti.

Kinachoharibu simu ni pakiti kuchelewa, kufika kwa vipindi visivyo sawa, au kutofika kabisa. Kwa hiyo kabla ya kugusa chochote, uliza swali moja: nani anasikia vibaya? Wewe ukimsikia mwenzako vizuri lakini yeye anasema unakatikakatika, tatizo liko upande wa kupakia kwako, au upande wa kupakua kwake. Mpigie mtu wa pili na wa tatu. Wote wakilalamika, ni kwako. Swali hilo limeniokolea muda mwingi kuliko kipimo chochote cha kasi.

Hatua ya pili, nyanyua mkono wa simu usipige namba yoyote. Ule mlio wa laini unaousikia hautoki kwa kampuni wala kwenye intaneti, unatengenezwa na adapta yenyewe pale mezani. Ukisikia mngurumo au mikwaruzo ndani ya mlio huo, acha ruta kabisa, kosa liko kati ya adapta na sikio lako. Mara nyingi ni waya wa simu uliolazwa sambamba na ekstensheni ya umeme, na mngurumo ule ni hertsi 50 za umeme wetu. Utenganishe na ekstensheni kwa sentimita 30, au uvuke waya wa umeme kwa pembe ya mraba. Kama bado, badilisha chaja ya adapta (nyingine za mitaani zina mngurumo wake), kisha waya wa simu. Mikwaruzo ya «drrr drrr drrr» inayokuja na kuondoka ni simu ya mkononi iliyowekwa kando ya simu ya mezani ikitafuta mtandao wa 2G.

Onyo hapa: kama nyumba ina nyaya za zamani za simu ukutani na unataka kuzitumia kupeleka simu chumbani, kata kwanza laini ya nje. Adapta inatoa volti zake yenyewe, kama 48, na zaidi simu inapolia. Ikikutana na volti nyingine kutoka nje, inaungua siku hiyo hiyo.

Mlio wa laini ukiwa safi, hamia kwenye mtandao wa ndani. Fungua kompyuta ya Windows iliyounganishwa kwa waya, na kwenye dirisha la amri andika ping -n 300 192.168.1.1, au anwani yoyote ya ruta yako; ping hupima muda wa pakiti kwenda na kurudi. Kwa waya, majibu yote yawe milisekunde 1 au chini ya hapo, na isipotee hata pakiti moja. Ikipotea, waya ndio mshukiwa wa kwanza. Nyaya nyingi za bei rahisi ni alumini iliyopakwa shaba: ukikwangua ncha kwa kisu, chini ya rangi ya shaba unakuta weupe. Waya huo usiupitishe ndani ya nyumba. Fundi akibana kichwa, hakikisha jozi hazijachanganywa: nyeupe-chungwa, chungwa, nyeupe-kijani, bluu, nyeupe-bluu, kijani, nyeupe-kahawia, kahawia, mpangilio ule ule ncha zote mbili.

Kama unapiga kwa programu kwenye simu ya mkononi kupitia Wi-Fi, rudia kipimo ukiwa pale unapokaa ukipiga. Kwenye fleti, bendi ya 2.4 GHz imejaa ruta za majirani, na mafundi wengi huziacha zijichagulie chaneli ovyo. Tumia 5 GHz. Ikishindikana, weka 2.4 kwenye chaneli 1, 6 au 11 na upana wa 20 MHz. Zima pia VPN. Tangu Facebook ifungwe Uganda Januari 2021, wengi wetu tunaiacha VPN ikiwaka mchana kutwa, na sauti inakwenda hadi seva ya Ulaya kabla ya kumfikia mtu wa Wandegeya, hapa hapa Kampala. Nilipoizima, malalamiko ya nusu ya watu niliokuwa nawapigia yaliisha.

Sasa tufike kwenye ugonjwa wenyewe, ule ambao wahudumu wa wateja hawautaji kamwe: foleni ndani ya ruta. Piga ping kwa seva ya simu ya kampuni yako na uiache iendelee. Kwangu, nyumba ikiwa kimya, ni milisekunde 18 hadi 25. Kisha pakia video kubwa kwenye hifadhi ya mtandaoni huku ukitazama namba. Zangu ziliruka hadi 400, mara 700. Sababu ni kwamba ruta hizi huweka akiba kubwa ya pakiti badala ya kuzitupa. Foleni ya KB 256 kwenye laini ya kupakia ya Mbps 2 inachukua sekunde nzima kutoka, na pakiti yako ya sauti imekaa nyuma yake kama boda nyuma ya lori la mchanga. Kipimo cha kasi hakikuonyeshi hilo, maana lori nalo linafika.

Wahalifu wa kawaida ni simu zinazohifadhi picha usiku, kompyuta zinazosawazisha mafaili, na zaidi ya wote kamera za ulinzi zinazotuma picha mtandaoni. Kamera nne za Mbps 1 kila moja zinameza Mbps 4 kati ya 5 za kupakia, saa 24. Nilizipunguza hadi kbps 512 kila moja na kuziambia zitume tu kitu kinapotembea.

Tiba kamili ni kuifanya foleni iwe kwenye ruta yako na uisimamie wewe. Kwenye ruta yenye OpenWrt (programu huria ya ruta), weka SQM (kisimamizi cha foleni) kwa kanuni iitwayo cake, na kasi uandike asilimia 85 hadi 90 ya ile uliyoipima saa za jioni, si ile ya mkataba. Kwangu kupakia kunafika Mbps 4.6 jioni, nikaandika 4.1. Unapoteza kasi kidogo, na ping chini ya mzigo inabaki chini ya 40. Ruta ya kampuni isiyo na kitu hicho huwa na sehemu ya kuweka kikomo kwa kila kifaa, basi kiweke kwa kamera na kompyuta. Kuipa sauti alama ya DSCP 46 (inayoomba ipitishwe kwanza) kwenye adapta hakudhuru, ila alama pekee haina kazi kama ruta haina foleni ya kuiheshimu.

Yapo makosa yanayojitambulisha kwa saa. Simu inayokatika sekunde ya 32 kila mara, au inayosikika upande mmoja tu, karibu kila mara ni SIP ALG, kipengele cha ruta kinachoingilia ujumbe wa kupanga simu (SIP). Kazi yake ilikuwa kusaidia, lakini inaandika upya anwani ndani ya ujumbe wa simu na kuziharibu. Ujumbe wa kuthibitisha haufiki, seva inasubiri sekunde 32 na kukata. Izime. Kama ruta ya kampuni imefunga sehemu hiyo, badili adapta itumie TLS (usimbaji wa ujumbe) kwenye poti 5061, ALG haitaweza kusoma kilichofungwa. Simu inayokatika dakika ya 15 kamili ni suala la muda wa kikao: 1800 ndiyo sekunde za kawaida, na ujumbe wa kuuhuisha hutumwa nusu ya safari, yaani sekunde ya 900. Ujumbe huo usipopita, simu inakufa.

Nyingine inayosumbua: unapiga vizuri lakini ukipigiwa hailii. Ruta inafunga njia ya kurudi baada ya ukimya mfupi, mara nyingi sekunde 30 hadi 60. Kwenye adapta, weka ujumbe wa kushikilia njia kila sekunde 20. Kwenye adapta za Grandstream unabonyeza *** kisha 02, sauti inakusomea anwani ya IP, unaifungua kwenye kivinjari na kurekebisha. Tazama pia anwani ya nje ya ruta yako. Ikianza na 192.168 au 10, kuna ruta nyingine juu yako. Ikiwa kati ya 100.64 na 100.127, unashiriki anwani moja na wateja wengine, na hapo usihangaike kufungua poti, haitafanya kazi. Ujumbe wa kila sekunde 20 unatosha.

Mwangwi una kanuni ya kinyume: ukisikia sauti yako ikirudi, kosa kwa kawaida liko kwa mwenzako, ama simu yake ya spika ina sauti kubwa au adapta yake haikulingana na simu. Mwambie apunguze spika. Yeye akisikia yake, ni zamu yako: shusha kiwango cha sauti cha adapta kwa desibeli 3 hadi 6.

Mkiwa mnagongana maneno, kila mmoja akianza kusema pale mwenzake anapoanza, huo ni ucheleweshaji. Shirika la kimataifa la mawasiliano, ITU, linapendekeza usizidi milisekunde 150 kwa upande mmoja. Kabla ya kulipia, uliza kampuni seva yake ya sauti iko wapi. Ikiwa Kampala, simu ya ndani inakaa chini ya 100 hata ukijumlisha akiba ya adapta (pakiti inazoshikilia kidogo ili sauti itoke sawasawa). Ikiwa London, sauti ya mtu wa Ntinda kwenda kwa mtu wa Mukono inateremka hadi pwani ya Kenya, inazama baharini, inafika Ulaya na kurudi, na mnakuwa mmepita 200. Mei 2024, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika, simu za namna hiyo ndizo zilizoumia, hata za jirani kwa jirani.

Wanaotumia ruta ya 4G badala ya faiba, someni nguvu ya mawimbi kabla ya kulaumu kampuni. RSRP (kipimo cha nguvu hiyo) ikiwa chini ya −105 dBm, itoe ruta chini ya paa la mabati na uiweke dirishani upande wa mnara. Jioni msongamano wa mnara utabaki, na hapo G.729 ina nafasi yake.

Umeme ukikatika, simu imekufa pamoja na ruta. Betri ndogo za ruta zipo madukani mjini, lakini soma lebo: ruta nyingi ni volti 12, adapta nyingine ni volti 5, na kuchanganya ni kuchoma. Ile 8800 mAh wanayoitangaza ni ya seli za volti 3.7, sawa na Wh 32 hivi. Ruta, kifaa cha faiba na adapta vikila wati 17 kwa pamoja, hupati hata saa mbili, sembuse nane za muuzaji. Radi ikianza kunguruma, chomoa vyote, pamoja na waya wa simu. Na kwa namba za dharura, 999 au 112, weka simu ya mkononi karibu.

Kama umefanya yote haya na bado inakatika, mfungulie mtoa huduma malalamiko yenye saa kamili, namba uliyopigiwa au uliyopiga, nani alisikia vibaya, na matokeo ya ping mbili: kwa ruta na kwa seva yao. Ya kwanza ikiwa safi na ya pili inapoteza pakiti zaidi ya asilimia 1, hawana tena pa kukuambia uzime ruta. Nilipotuma hivyo, fundi alikuja siku ya pili akakuta kichwa cha faiba kina uchafu, akakisafisha kwa dakika kumi. Nyota nne kwa sauti, mbili kwa huduma.