TAHADHARI: Anayewauzia wanafunzi wa F-1 "kibali cha kazi" anauza risiti

Ndugu zangu mliopo Texas na majimbo ya jirani, hasa wanafunzi, someni hii kabla hamjatuma hela.

Kuna jamaa anazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp ya Watanzania na Wakenya akitangaza "kibali cha kazi cha haraka kwa wenye ombi la grinikadi". Sauti yake ni ya upole, anaanza na salamu za Bwana asifiwe au Asalaam aleikum kulingana na grupu, na anajiita mwanasheria wa uhamiaji. Si mwanasheria. Ana muhuri wa notari na kiofisi cha kujazia watu fomu za kodi. Kwetu Tanzania anayegonga muhuri huo huwa ni wakili, ndiyo maana watu wanaingia mkenge. Huku notari ni mshuhudia saini tu, na sheria ya Texas inamkataza kutoa ushauri wa uhamiaji kama si wakili. Nyumbani tungeshamwita kishoka zamani.

Mchezo wenyewe una akili, na ndiyo sababu naueleza kwa urefu.

Dada mmoja tunayesali naye yuko hapa kwa F-1, viza ya mwanafunzi. Kaka yake ni raia na alimfungulia I-130, ombi la kumtambulisha ndugu yake ili baadaye aombe grinikadi. Jamaa akamchaji dola 1,200 kwa Zelle, ile huduma ya kutuma hela kwa simu, akajaza I-765, ile fomu ya kuomba kibali cha kazi, na kuituma kweli. Ada ya serikali ya fomu hiyo kwa njia ya karatasi tangu Aprili 2024 ilikuwa dola 520. Zilizobaki ni zake. Wiki chache baadaye dada akakabidhiwa I-797C, taarifa ya kupokelewa kwa ombi, yenye nembo ya Idara ya Usalama wa Ndani na kuambiwa, "Hii ndiyo ruhusa yako, nenda kapige kazi." Akaanza zamu za usiku kwenye nyumba ya kulelea wazee.

Karatasi ile haikuwa ya kugushi, na hapo ndipo wengi wanapopigwa. Namba yake, herufi tatu na tarakimu kumi, ukiiingiza kwenye tovuti ya USCIS, idara ya uhamiaji, inakubali na kukwambia ombi limepokelewa. Lakini USCIS hupokea fomu iliyosainiwa na kulipiwa. Kuchunguza kama unastahili huja baadaye. Ni risiti halali ya ombi bovu. Na juu ya karatasi yenyewe kumeandikwa kwa Kiingereza, kwa herufi kubwa, kwamba taarifa hii haitoi hadhi wala haki yoyote ya uhamiaji. Barua ya kukataliwa ilipotoka haikumfikia, kwa sababu kwenye sehemu ya anwani jamaa alikuwa ameweka ya ofisi yake.

Sasa ukweli ulivyo. Mwenye F-1 anaweza kufanya kazi ndani ya chuo, mwisho saa 20 kwa wiki masomo yakiendelea. Anaweza kupata CPT, kazi ya mafunzo iliyo sehemu ya masomo, ambayo ofisa wa wanafunzi wa kigeni chuoni huiandika kwenye I-20, hati yake ya mwanafunzi, kabla hajaanza kazi. Anaweza kupata OPT, kazi ya mafunzo ya fani aliyosomea, ya miezi 12, na nyongeza ya miezi 24 kwa waliosoma sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati. Ipo pia ruhusa ya dhiki ya kiuchumi, lakini usiitegemee sana.

Ombi la grinikadi huongeza njia moja tu. Ukiwa na I-485, fomu yenyewe ya kuomba grinikadi ukiwa humu nchini, inayosubiri, unaruhusiwa kuomba kadi ya kazi kwa I-765, kundi (c)(9). Inayokuruhusu ni kadi yenyewe, ngumu, yenye picha yako na alama ya C09, si karatasi ya kusema wamekupokea. I-130 peke yake haitoi chochote. Foleni ya ndugu wa raia ni zaidi ya miaka 15, na mpaka zamu yako ifike huwezi hata kuwasilisha I-485. Kushinda bahati nasibu ya viza nako si kibali cha kazi.

Ukimbana, jamaa ana jibu: "Hata ukifanya kazi bila kadi, serikali inasamehe." Kuna chembe ya ukweli hapo, na anaiuza kwa kila mtu kama dawa moja ya magonjwa yote. Mume au mke wa raia, mzazi wa raia aliyetimiza miaka 21, na mtoto wa raia aliye chini ya miaka 21 na hajaoa wala kuolewa, kama waliingia nchini kwa kukaguliwa mpakani, kazi ya bila kibali haiwazuii kupata grinikadi wakiwa humu humu. Anayeomba kupitia mwajiri ana nafuu ya hadi siku 180 za makosa kwa jumla. Wa bahati nasibu hana nafuu hiyo. Wa kaka na dada hana. Mke wa mwenye grinikadi ambaye bado si raia naye hana. Kwa hiyo ushauri uliomfaa shemeji yako aliyeoa Mmarekani unaweza kukufungia wewe mlango.

Baya kuliko yote ni lile analowaambia kuhusu I-9, fomu unayojaza siku ya kwanza kazini. Anawashauri watie alama kwenye kisanduku cha raia wa Marekani "ili HR wasiulize maswali". Usithubutu. Kudai uraia wa uongo ili upate kazi kunakufanya usistahili grinikadi maisha yako yote, na ndoa na raia haifuti kosa hilo. Bora ukose kazi ya boksi mwaka mzima kuliko kuweka alama pale.

Nasikia pia ameanza kuwaunganisha watu na "chuo" ambacho huhudhurii darasani ila unapewa CPT tangu siku ya kwanza. Walioko huku siku nyingi wanakumbuka Farmington kule Michigan: kilikuwa chuo cha mtego, kilichoendeshwa na wapelelezi wa serikali wenyewe, na kilipofichuliwa mwaka 2019 mamia ya wanafunzi walikuwa wamejiandikisha. Wengi walikamatwa na kulazimika kuondoka nchini.

Hata mwenye kadi halali ya C09 asikurupuke. Mawakili wengi husema ukianza kuitumia nje ya masharti ya F-1 umeshaiacha hadhi ya mwanafunzi, na I-485 ikikataliwa huna pa kurudi. Na ukisafiri kuzika nyumbani bila ruhusa ya kusafiri iliyokwisha kutoka, ombi lako linahesabika umelitelekeza. Haya jamaa hayasemi kamwe, maana hayana malipo.

Kama ulishamlipa, dai nakala ya kila alichotuma na pasipoti yako kama anaishikilia. Angalia sehemu ya mtayarishaji wa fomu: zote nilizoziona ameiacha wazi, ingawa anayekujazia fomu kwa malipo anatakiwa kusaini. Badilisha anwani yako USCIS leo hii. Kama ulishafanya kazi, muone wakili kwanza kabla ya kumwendea ofisa wa chuo. Ofisa ni mtu mwema lakini ana wajibu wa kutoa taarifa serikalini. Wakili mhakikishe kwenye tovuti ya chama cha mawakili cha jimbo lake. Vyuo vingi vyenye kitivo cha sheria vina kliniki za bure, na Wizara ya Sheria ina orodha ya mashirika na wawakilishi wasio mawakili walioidhinishwa. Malalamiko yanapokelewa na mwanasheria mkuu wa jimbo na FTC, tume ya serikali kuu inayolinda wateja. Hifadhi jumbe, sauti na risiti za Zelle, msizifute kwa hasira.

Namba yake ya zamani haipatikani tena. Tangazo limerudi wiki hii kwa namba mpya, picha ni bendera ya Marekani, na safari hii anajiita "huduma za jamii". Maadmini wa magrupu, mtoeni.