Nguo za baridi za watoto pale Kongowea, kama unapeleka mtoto Kanada pita hapa kwanza

Asalaam aleikum wapendwa. Naandika hii kwa sababu najua hapa Mombasa tuko wengi tuna watoto wako njiani kwenda kwa mama zao au baba zao huko nje, na nguo za baridi sisi watu wa pwani hatuzijui, tunanunua kwa macho tu, ikionekana nene basi twaona ndo yenyewe. Mimi nilinunua hivyo na pesa ikaenda. Ndo nataka niwaelezee kibanda kimoja cha mitumba pale Kongowea kilichonitoa, na nielezee vizuri kwa sababu hapa ni afya ya mtoto.

Mdogo wangu yuko Ottawa mwaka wa pili sasa, kitoto chake cha miaka mitatu na nusu tumekaa nacho sisi Likoni, mimi na mamangu. Viza ikatoka mwezi wa kumi na moja, safari ikaangukia Januari. Januari jamani! Huku kwetu ndo kaskazi, usiku mtu analala madirisha wazi na feni juu, na kule ndo katikati ya baridi yenyewe, joto la wastani ni karibu digrii 10 chini ya sifuri na kuna usiku inashuka kupita 20. Kwa asiyepata picha, friza ya nyumbani ni kama 18 chini ya sifuri. Mtoto wetu baridi anayoijua yeye ni ya kutoka kuoga.

Sasa dada, huyo mdogo wangu, alikuwa kashapata nafasi deikea, pale watoto wanapoachwa mchana wazazi wakiwa kazini, na deikea ikamtumia orodha akanirushia kwa WhatsApp: ovaroli la theluji lisilopitisha maji, buti za theluji, glavu jozi mbili, kofia ya kufunika masikio, kitu cha shingoni lakini isiwe skafu, soksi nene, nguo za kubadilisha, na kila kitu kiandikwe jina. Akaongeza na voisi, "Dada, hii usiichukulie mchezo, hawa hutolewa nje kila siku." Mamangu kusikia hivyo akakasirika kweli, "Kwani hawawezi kumuweka ndani? Barafu yote hiyo mtoto wa watu atolewe nje akafanye nini?" Na mimi pia niliona hivyo hivyo mpaka nilipoelezwa kwamba kule Ontario, jimbo ulipo mji wa Ottawa, ni sheria, mtoto anayeshinda deikea anatakiwa acheze nje angalau masaa 2 kwa siku, hali ya hewa ikiruhusu, na wenyewe wanaamini mtoto akicheza nje ndo analala vizuri, anakula vizuri na anakua na nguvu. Kwa hivyo hizi si nguo za kutoka mlangoni hadi kwenye gari. Ni nguo za kukaa chini kwenye theluji, kuchimba, kuteleza, kulala chali, masaa mawili. Ukilielewa hilo, kila kitu kingine utakielewa.

Mimi wakati huo sikuwa nimelielewa. Nikaenda duka moja la nguo za watoto hapo mjini, silitaji, nikaona koti la pinki limetuna vizuri na manyoya kwenye kofia, muuzaji akaniapia kwamba ndo la winta hilo, limetoka ng'ambo. 4,500. Nikalipa. Nafika nyumbani zipu ikakwama siku hiyo hiyo, na dada aliponiambia kwa simu hebu mwagia maji kidogo begani tuone, maji yakazama yote kaa unamwagia mchanga, ukitia mkono ndani bitana ishalowa. Nikarudi nalo asubuhi yake, wakaniambia bidhaa ikishatoka dukani hairudi. Niliumia sana, pesa yenyewe tulikuwa tumechanga na mamangu.

Ndo jirani akaniambia nenda Kongowea, upande wa mitumba, uliza makoti ya watoto ya theluji. Toka Likoni ni feri kwanza, halafu matatu za kuvuka daraja la Nyali, unashuka sokoni. Kibanda chenyewe kiko ndani ndani, ukipita viatu unaona turubai la bluu na makoti madogo yametundikwa mpaka juu. Wateja wake wengi si watu wa hapa, ni wafanyabiashara wanaopeleka Nairobi na Limuru, huku kwetu nani atavaa. Mizigo yote si inashukia bandarini kwetu hapa, basi yeye anaifungua mapema kabla haijapanda bara. Nilimkuta dada wa makamo, leso kiunoni, anakagua zipu moja moja.

Nikamwambia nataka la mtoto wa miaka mitatu na nusu. Akaniuliza, "Ana urefu gani?"

Nikarudia, miaka mitatu na nusu.

"Umri nshasikia dadangu, mimi nauliza urefu."

Ikabidi nimpigie mamangu amsimamishe mtoto ukutani, akatia alama na penseli akapima na ile tepu ya kushonea, 98. Huyu dada akanielewesha kitu ambacho mjini hakuna aliyeniambia, kwamba nguo zilizotoka Ulaya zile namba za kwenye lebo, 92, 98, 104, 110, ni sentimita za urefu wa mtoto, na zilizotoka Marekani na Kanada zimeandikwa 3T, 4T ambayo ni umri, na watoto wa umri mmoja hawalingani. Akanichagulia 104, apate nafasi ya sweta ndani na limalize msimu. Nikataka 116 ili livaliwe miaka miwili mitatu, akakataa kuniuzia, akasema likiwa kubwa hivyo upepo unaingia kwa chini na mtoto anajikwaa miguu yake mwenyewe.

Halafu ndo nikaona anavyokagua. Alichukua chupa yake ya maji ya kunywa akamwaga kifuniko kimoja juu ya mkono wa ovaroli, akaliinua taratibu, maji yakawa vitone vitone yakateremka yote kaa yako kwenye jani la mgomba. Akapangusa, akageuza ndani nje nikashika mwenyewe, pakavu. Ovaroli la pili alilojaribu maji yakazama kwenye mshono wa magotini, akalitupa upande wa yale ya kuvaa kwa baridi ya Nairobi. Akapandisha zipu na kuteremsha kama mara kumi. Akavuta lastiki za mikononi na miguuni kuona kama zingali na nguvu, akanionesha ule mkanda wa chini unaopita chini ya buti ili suruali isipande juu theluji ikaingia. Halafu akachukua mkasi akakata kamba ya shingoni akaichomoa yote. Nikashtuka, akasema, "Hii inakamata kwenye ngazi ya bembea, inamnyonga mtoto." Nilikuja kusoma baadaye nikakuta ni kweli kabisa, Marekani walitoa mwongozo tangu 1996 nguo za nje za watoto zisiwe na kamba shingoni, na skafu kwenye ile orodha imekatazwa kwa sababu hiyo hiyo. Badala yake anauza ile kaa bomba la kitambaa, unamvisha kichwani linakaa shingoni.

Jumamosi yake nikarudi na mtoto mwenyewe, maana alisema hauzi buti bila mguu. Mtoto alivalishwa ovaroli lote na sweta ndani katikati ya jua la Kongowea, jasho linamtiririka, watu wamesimama wanatizama, na huyu dada hana haraka, anamwambia "Chuchumaa mwanangu. Inuka. Haya inua mikono uguse mbingu." Akaangalia mgongo hauvutiki, mikono haipandi ikaacha vifundo wazi. Akaniambia mtoto asiyeweza kuchuchumaa hawezi kucheza, na asiyecheza kule nje ndo anayeganda, kwa sababu mwili unapata moto kwa kukimbia. Halafu haraka haraka akamvua akampa maji. Niliupenda huo utaratibu, wallahi, alikuwa anamshughulikia kaa wake.

Kwenye buti akamvalisha soksi nene mbele yangu, akaingiza kidole nyuma ya kisigino, kikipita vizuri ndo sawa. Buti ikibana mguu unapata baridi zaidi hata soksi iwe nene vipi, lazima kuwe na hewa kidogo ya kushika joto. Na akasema tuchague ya ule utando wa ndani unaotoka, maana deikea watoto wanarudi ndani miguu imelowa, ule unatolewa unakaushwa. Gambuti zetu hizi za mvua zisikudanganye, maji hazipitishi lakini joto hazina.

Glavu nilitaka zile za vidole, nzuri zina picha. Akanipa zile za mfuko, vidole vinne pamoja na gumba peke yake, vidole vikikaa pamoja vinapeana joto, na mwalimu mwenye watoto wengi wa kuvalisha hana muda wa kutafuta kidole kimoja kimoja kitokee wapi. Hili la glavu msilidharau, kuna siku kule upepo ukijumlishwa inafika kaa 28 chini ya sifuri na zaidi, hapo ngozi iliyo wazi inaweza kuganda ndani ya dakika 10 hadi 30.

La ndani nalo. Mimi nilikuwa nishanunua fulana za pamba kibao, sisi si tumezoea pamba ndo bora kwa mtoto, na kwa joto letu ni kweli. Kule pamba ikishika jasho haikauki, inakaa na unyevu mwilini, mtoto akisimama tu anaanza kutetemeka. Ya kugusa ngozi iwe sufu au zile za michezo za kukauka upesi, juu yake ile laini kaa blanketi la mtoto mchanga wanaita flisi, halafu ovaroli juu. Nguo tatu nyembamba zinashinda koti moja nene. Lile langu la pinki lingempeleka pabaya huyu mtoto.

Bei sasa. Ovaroli 700, flisi mbili 300, nguo za ndani za sufu 200, kofia 100, ya shingoni 50, glavu 150, buti 600. Jumla 2,100, haijafika hata nusu ya lile koti la mjini. Na alinipa siku tatu za kubadilisha kama kuna kitu hakijakaa, hapo mitumba, wakati duka lenye kioo na kiyoyozi lilinifungia mlango.

Mabaya yapo na nitayasema. Simu hapokei, utampigia mpaka uchoke, afadhali uende. Glavu zikitoka kwenye belo nyingi hazina mwenzake, mimi nilipata jozi moja tu iliyokamilika na orodha ilisema mbili. Buti pia ni za kubahatisha, mara ya kwanza niliondoka bila. Mvua ikinyesha pale njiani ni tope, na hakuna pa kukaa na mtoto. Nguo zina ile harufu ya belo, kufua lazima, lakini fua kwa sabuni kidogo bila jiki na bila yale maji ya kulainisha nguo, hayo yanaharibu ule uwezo wa kuzuia maji, kisha anika kivulini kwenye upepo, usiweke juani likababuka. Mimi nilifua mara mbili harufu ikaisha. Na mwende asubuhi na mapema siku za Jumatano au Jumamosi anapofungua belo, saa nne ikipita wale wa bara washabeba yote mazuri.

Kitu kimoja sikuambiwa pale, aliniambia dada wa Ottawa: ndani ya gari mtoto havalishwi lile ovaroli nene halafu akafungwa mkanda wa kiti chake, kwa sababu gari ikigonga ule unene unabonyea wote na mkanda unabaki umelegea, mtoto anaweza kuchomoka. Anafungwa na flisi, kisha koti linawekwa juu yake kaa blanketi. Na ovaroli msilizamishe kwenye sanduku la chini ya ndege, libebeni mkononi, baridi inaanza mlangoni pa uwanja wa ndege.

Nampa nyota tano, na hizo za glavu na simu simkati kitu, kwa sababu alinikataza kununua alipoona nakosea na angeweza tu kuchukua pesa yangu.

Mtoto alifika salama alhamdulillahi. Wiki ya pili dada akatuma picha, mtoto yuko kwenye theluji na koleo ya plastiki, mashavu mekundu, amechuchumaa vile vile alivyofundishwa Kongowea. Mamangu aliitizama hiyo picha akaniuliza, "Chini hapo hajalowa?" Nikampigia dada, akasema nguo zote za ndani zilirudi kavu, ila glavu moja imepotea huko deikea, ya kushoto, ilikuwa na jina na bado haijaonekana. Kuna mtu anasafiri kwenda Ottawa mwisho wa mwezi huu na amekubali kubeba, kwa hivyo Jumatano navuka feri saa kumi na mbili asubuhi.