Hifadhi ya mtandaoni ya Wizara ya Vita ya Marekani: nyota tano kutoka kwa mhasibu mstaafu

Wahasibu wenzangu, hasa mliokaa dawati la mishahara, ipo hifadhi moja ya mtandaoni nawaombeni muipitie. Inaitwa Papers of the War Department, iko chini ya kituo cha historia cha Chuo Kikuu cha George Mason kule Virginia, na kuisoma ni bure. Ina hati zaidi ya 40,000 za Wizara ya Vita ya Marekani za kati ya 1784 na 1800: barua, hesabu, stakabadhi, madai ya askari. Mimi nimestaafu, nakaa Mbagala, na jioni zangu nyingi siku hizi zinaishia humo.

Kwanza mjue ilivyopatikana. Usiku wa tarehe 8 Novemba 1800 ofisi ya wizara, ambayo ndiyo kwanza imehamia Washington kutoka Philadelphia, iliungua, masjala yote ikateketea. Watafiti wa zama zetu wakafuata nakala. Barua iliyotoka wizarani ilibaki kwa aliyeipokea, na aliyeandika kwenda wizarani mara nyingine alijiwekea nakala yake. Wakazunguka maktaba na makusanyo mengi, wakaiunda upya masjala kwa karatasi za upande wa pili. Aliyewahi kuambiwa "faili halionekani" huku mtu anasubiri haki yake dirishani ataiheshimu kazi hii.

Maana wanaoumia faili likipotea ni walio chini. Ilipokuja sheria ya pensheni ya 1832, wazee wengi waliopigania uhuru wa Marekani hawakuwa na karatasi ya kuthibitisha utumishi wao. Iliwabidi waende mahakamani, waape, waeleze walitumikia wapi na chini ya ofisa gani. Nilimkumbuka mzee mmoja jirani yangu ambaye mafao yake yalikwama muda mrefu kwa sababu fomu moja ilimwandika Hamisi na nyingine Khamis. Mtu ni yule yule, jasho ni lile lile.

Sasa makato. Sheria ya Aprili 1790 ilimpa askari wa kawaida dola 3 kwa mwezi. Hapo hapo zikakatwa senti 90 za sare na senti 10 za dawa na mahitaji ya hospitali. Mkononi zinabaki dola 2. Theluthi nzima ya mshahara imeondoka kabla hajaugusa! Ukishayajua hayo, ukikutana na barua ya kudai malimbikizo unaisoma kwa jicho jingine kabisa.

Na wakubwa walishaonywa. Juni 1783 askari wenye madai ya mishahara waliizingira nyumba ya serikali mjini Philadelphia, Bunge likahamia Princeton. Sisi wa Dar hatuhitaji kuelezwa sana: tarehe 20 Januari 1964 askari wa Tanganyika Rifles waliasi kambini Colito, leo Lugalo, na nyongeza ya mshahara ilikuwa miongoni mwa madai yao, pamoja na kutaka maofisa Waafrika.

Kinachonifurahisha zaidi ni mwaka 1792. Bunge lilianzisha nafasi ya mhasibu wa wizara, akaishika Joseph Howell, na mlipaji wa jeshi akawa mtu mwingine, Caleb Swan. Mmoja anapeleka fedha kwa askari, mwingine anakagua hesabu. Ndiyo kanuni tuliyofundishwa sote: anayelipa asijikague mwenyewe. Humu unaiona ikifanya kazi kwa barua na kalamu ya wino, wakati jeshi liko mipakani huko Ohio na ofisi iko Philadelphia.

Lugha ni Kiingereza cha zamani na hati ni za mkono, kwa hiyo jipeni muda. Watu wa kujitolea wamekwisha kunakili nyingi kwa maandishi ya kawaida, na wewe pia unaweza kujiandikisha ukasaidia. Mimi zile ngumu nazichapisha steshenari karibu na kituo cha daladala, nazisoma mezani na kioo cha kukuzia.

Wanaofundisha uhasibu wa serikali wawapeleke wanafunzi wao humo. Muanze kwa kutafuta jina la Howell, halafu la William Simmons aliyempokea kazi mwaka 1795.